Biye Moja Isomwe na Watu Wawili: Namna ya Kupita Kiwanja cha Ndege cha Dar es Salaam

(Mazungumzo ya mama aliyekuwa mweka hazina wetu, ku mukutano wa wanamemba. Tumeyaandika sawa vile aliyasema, tumeondoa tu fasi alizorudilia.)



Kamati iliniomba nizungumuze juu ya kiwanja cha ndege. Kwanza nilicheka. Nikasema, mimi ni muuzaji wa bitenge, ndege nazijua namna gani? Lakini Baba Prezida akanijibu: "Mama, katika sisi wote wewe njo umepita kule mara mingi. Tena wewe njo unajua ile biye yetu ilipotelea wapi." Pale nikanyamaza, kwa sababu ni kweli.

Basi nianzie palepale panapouma.

Wengi munamukumbuka ule kijana wetu aliyepata fasi ya kusoma ufundi India. Tulichanga miezi mitano. Ba mama wa ndagala walitoa kila wiki, walimu walitoa, wafadhili wakaongeza. Biye ikanunuliwa, ikaletwa kwangu niisome. Iliandikwa: kutoka Dar es Salaam, tarehe 14, saa 01:10. Nikamwambia kijana: "Unapanda ndege tarehe 14 usiku. Fika ku kiwanja mangaribi." Akafika mangaribi ya tarehe 14, amevaa koti, valizi iko mukononi. Dada wa kaunta akaangalia ile karatasi, kisha akamwambia kwa upole: "Kaka, ndege hii imeondoka usiku wa kuamkia leo."

Munaona? Saa 01:10 ya tarehe 14 ni saa moja na dakika kumi tu kisha tarehe 13 kwisha. Ili mutu apande ndege ile, anapashwa kuwa kiwanjani tarehe 13 usiku. Hakuna wa kulaumu kule. Biye iliandikwa vizuri, na ndege iliondoka ku saa yake. Kosa lilikuwa langu. Nilisoma peke yangu, na niliongopa kuuliza watu wasiseme mweka hazina hajui kusoma biye.

Tukachanga tena. Iko mama mumoja hapa ndani, sitamutaja, aliuza mabati mawili aliyokuwa ameweka ya kumalizia nyumba yake. Kijana alifika masomoni akiwa amechelewa, na wakamupokea. Lakini yale mabati mimi nayaona kila mvua inaponyesha. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa.

KIWANJA CHENYEWE

Kinaitwa Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, kwa jina la rais wa kwanza wa Tanzania. Ku biye hawaandiki jina lote, wanaandika herufi tatu: DAR. Kiko Kipawa, karibu kilometa 12 kutoka katikati ya muji, ku barabara ya Nyerere. Wazee waliokaa Dar zamani waliiita barabara ya Pugu. Ni ileile.

Sasa musikilize vizuri: kiwanja ni kimoja, lakini nyumba za kupandia ndege ni tatu. Terminali 1 ni ya zamani, inapokea ndege ndogo ndogo. Terminali 2 ilifunguliwa mwaka 1984, na leo njo ya safari za ndani ya Tanzania: Mwanza, Kigoma, Dodoma na kwingine. Terminali 3 ilifunguliwa mwaka 2019, na ni ya safari za kwenda inchi zingine. Hii ya tatu ilijengwa ili ipokee abiria milioni 6 kwa mwaka, kwa hiyo muelewe ukubwa wake. Iko peke yake, na ina njia yake ya kuingilia. Ukimwambia dereva "nipeleke airport" basi, atakuuliza "terminali gani?" Uwe na jibu mbele ya kupanda gari.

Juu yetu sisi watu wa Baraka na Fizi, jambo hili linatuhusu sana. Wengi wetu tunavuka ziwa mpaka Kigoma, fasi ileile tulipofikia tukikimbia vita, na fasi ileile tulipopandia meli ya kurudi miaka ile ya 2005 na kuendelea. Kutoka Kigoma, mwenye franga kidogo anapanda basi ao gari la moshi. Mwenye kuwa na haraka anapanda ndege. Sasa huyu wa ndege atashukia upande wa safari za ndani. Kama biye ya kwenda inje aliinunua mbali na ile ya Kigoma, hakuna mutu atakayemuhamishia valizi. Anapashwa kungoja valizi yake, aikamate, atoke inje, atafute gari mpaka Terminali 3, aanze upya sawa mutu anayetoka mujini. Usipange ndege mbili zifuatane saa mbili tu. Mimi naacha nusu siku nzima katikati yake, na mara nyingine nalala Dar.

SAA

Hapa njo sisi tunaanguka. Kuna mambo matatu.

La kwanza: Baraka iko nyuma ya Dar kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa sita ya muchana, Dar ni saa saba. Kuna simu zinazojibadili zenyewe ukivuka, na kuna zingine hapana. Ukifika Kigoma, uliza saa kwa mutu wa pale, urekebishe simu yako na ya mwenzako.

La pili: namna ya kuhesabu. Katika sisi kuna mutu akisema "saa tisa" anahesabu Kifaransa, anataka kusema asubui watoto wakiwa masomoni. Mutanzania akisema saa tisa, ni saa tisa ya Kiswahili. Kama ni ya muchana, biye itaandika 15:00. Kama ni ya usiku, itaandika 03:00. Kwa hiyo usipatane na dereva kwa mudomo tu. Mufungulie biye, aone namba kwa macho yake, na yeye akuambie atakuja saa ngapi.

La tatu ni lile la kijana wetu. Ukiona saa inaanza na 00, 01, 02 ao 03, jua ndege ni ya usiku, na tarehe imekwisha kugeuka. Ndege za kwenda mbali ziko nyingi zinazoondoka Dar usiku. Utatoka nyumbani siku inayotangulia ile iliyoandikwa.

Na kufika, fika masaa matatu mbele ya ndege ya inje. Kampuni nyingi zinafunga kaunta saa moja mbele ya ndege kuondoka. Ikifungwa, hata ndege ukiiona pale inje kwa dirisha, wewe haupandi tena. Tena ongeza wakati wa njiani. Dar wanaita foleni ile mistari ya magari isiyosogea. Pale TAZARA waliweka daraja la juu, lile la Mfugale, mwaka 2018, na limepunguza taabu. Lakini mvua ikinyesha, ao watu wakitoka kazini mangaribi, usilitegemee daraja. Toka mapema. Kungojea ndege hakulipwi, lakini kuikosa kunalipwa.

MAKARATASI

Pasipoti: inchi nyingi zinataka iwe imebakiza miezi sita, hata kama safari yako ni ya wiki mbili. Viza ya kule unakokwenda: iwe mukononi mbele ya kununua biye, isiwe nyuma.

Jina: hili ni letu sisi warapatriye. Kambini, aliyekuandika aliandika sawa vile alivyosikia. Huku nyumbani wakaandika vingine. Diplome inasema Jean, karti ya kambini inasema Yohana, na mama yako anakuita jina la babu. Ndugu zangu, jina la ku biye linapashwa kuwa lile la ku pasipoti, herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, hata ya herufi moja, rudi kwa aliyekuuzia biye siku ileile arekebishe. Usiseme "wataelewa." Kule mbele ya kaunta, mutu hana ruhusa ya kuelewa. Ana ruhusa ya kusoma tu.

Karte jone: Tanzania inaiomba kwa mutu anayetoka Kongo, kwa sababu inchi yetu iko katika zile zenye homa ya manjano. Sindano inaanza kuhesabiwa siku 10 kisha kuchomwa, kwa hiyo usiende kuchomwa ile juma ya safari. Na musikubali kudanganywa kwamba imekufa kisha miaka kumi. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za shirika la afya la dunia, sindano moja inatosha kwa maisha yote. Tunza karti yako pamoja na pasipoti. Lakini usinunue karti bila kuchomwa sindano. Homa haisomi karatasi.

Franga: ukibeba dola 10,000 ao zaidi, unapashwa kuzitangaza kwa watu wa forodha, kuingia na kutoka. Kutangaza si kunyanganywa. Anayeficha njo anajiingiza matatani.

MIZIGO

Ba mama, hapa munisikilize. Tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania imekataza mifuko ya plastiki, zile tunaita sashe. Sisi tunafunga fufu katika sashe, ndagala katika sashe, viatu katika sashe. Ukiingia nazo, utaambiwa uziache. Kile kimfuko cha kujifunga cha kuwekea dawa ya meno na sabuni ya safari wanakiacha, mradi utoke nacho. Vingine vyote, funga katika kitambaa. Ba mama wa cherehani wetu wamekwisha kuanza kushona vifuko vya kitenge, muwaone.

Pima valizi mbele ya kutoka nyumbani. Kilo zinaandikwa ku biye. Ukizidisha, utalipa, ao utafungua valizi mbele ya watu na kuanza kutoa nguo zako za ndani. Mimi nilifanyaga hivyo mara moja, inatosha.

Katika begi ya mukono: maji, mafuta, losyoni, kila chupa isipite mililita 100. Mafuta ya mawese hayapiti huko, hata kama ni ya shemeji. Yaende katika valizi, yamefungwa mara tatu. Kisu, makasi, wembe: valizi. Lakini betri ya kuchajia simu, ile wanaita pawabanki, ni kinyume: inakaa ku begi ya mukono, haiingii valizi, kwa sababu inaweza kuwaka moto chini kule ambako hakuna wa kuuzima. Na kama unabeba chakula, uliza mbele kama inchi ile inakubali. Ziko inchi zinazotupa samaki wetu wote mulangoni.

Tena: usibebe muzigo wa mutu usiyemujua. Hata akilia, hata akiwa wa kwetu. Kilicho ndani ya valizi yako ni chako, njo sheria.

KUPITA

Terminali 3, mambo yanafuatana hivi. Ku mulango unaonyesha pasipoti na biye, mizigo inapita katika mashine. Kisha unatafuta kaunta ya kampuni yako. Majina yanaandikwa juu, ku kioo. Pale wanapima valizi, wanaikamata, wanakupa kadi ya kupandia ndege na kale kakaratasi kenye namba ya valizi. Kale kakaratasi usikatupe. Valizi ikipotea, njo mushuhuda wako. Kisha uhamiaji: wanaangalia pasipoti, wanapiga muhuri. Kisha ukaguzi wa mwili na begi: toa mukaba, toa simu mufukoni. Kisha geti. Namba ya geti imeandikwa ku kadi, lakini inaweza kubadilika. Kila mara angalia kile kioo, na sikiliza matangazo. Wanatangaza kwa Kiswahili na Kiingereza. Usingojee Kifaransa.

Na maneno: sisi tunasema biye, kule ni tiketi. Sisi valizi, kule begi ao sanduku. Sisi karte jone, kule kadi ya chanjo ya manjano. Ni Kiswahili kilekile, hakikufanyi mugeni.

Ukirudi, ni kinyume: kwanza wa afya na kadi ya chanjo, kisha uhamiaji, kisha valizi, kisha forodha. Inje kuna mateksi. Patana bei mbele ya kuweka mizigo ndani ya gari.

KUULIZA

Sasa niseme lile lililonileta hapa.

Mara ya kwanza nilipopita kiwanja kile, nilikaa ku geti ambayo haikuwa yangu. Nilikaa pale saa nzima. Niliona watu wanabadilika, wanaondoka, mimi nimekaa. Nilijua ndani ya moyo kwamba kuna kitu hakiko sawa. Lakini sikuuliza. Munajua juu ya nini? Niliongopa kufungua mudomo, wasikie Kiswahili changu, waseme: huyu ni mukimbizi.

Nilikuwa na pasipoti. Nilikuwa na viza. Nilikuwa nimelipa biye kwa jasho langu. Lakini mwili wangu ulikuwa bado uko Lugufu, ndani ya mulolongo wa unga, fasi ambayo anayeuliza sana anaambiwa rudi nyuma. Tulijifunza kunyamaza, na kunyamaza kulitusaidia kule. Mwenye yunifomu akipita, unaangalia chini.

Mama mumoja aliyekuwa anapangusa chini akasimama mbele yangu, akasema: "Dada, unakwenda wapi?" Nikamuonyesha kadi. Akaacha fagio yake, akanishika mukono, tukatembea mbio mpaka geti yangu. Nilikuwa wa mwisho kuingia. Sikumuuliza hata jina lake.

Kambini, kunyamaza kulikuwa akili. Kiwanjani, kunyamaza ni hasara. Wale wenye yunifomu pale, sehemu moja ya kazi yao ni kuulizwa. Uliza ku mulango, uliza ku kaunta, uliza tena ku geti. Ukijibiwa na usielewe, sema: "Samahani, sijaelewa, nisaidie tena." Hakuna atakayekurudisha kambini juu ya kuuliza.

TULICHOKUBALIANA

Kamati imekubali mambo mane. Moja: kila biye inayonunuliwa kwa michango isomwe na watu wawili, kila mutu peke yake, kisha walinganishe. Mbili: kopi ya biye na ya pasipoti zibaki ku ofisi. Tatu: musafiri wa mara ya kwanza apewe namba ya simu ya mwanamemba aliyekwisha kupita kule, na yule asilale mpaka ndege iondoke. Ine: muzee, mugonjwa, ao asiyejua kusoma, aombewe kwa kampuni msaada wa kusindikizwa, na uombwe siku ya kununua biye, si siku ya safari.

Wafadhili wetu, mulituuliza ku barua yenu ile biye ya pili ilitoka wapi. Ilitoka ku mabati. Haya mambo mane njo jibu letu.

Na tusiishie maneno. Mama yetu huyu aliyekaa hapa mbele anakwenda Kanada kuona mutoto wake. Waliachana kambini, mutoto akiwa kijana. Leo ana wajukuu watatu asiowajua sura. Mama hajui kusoma, na yeye mwenyewe amekubali nilisemee. Biye yake ni hii mukononi mwangu. Nasoma kwa sauti: kutoka DAR, tarehe 23, saa 02:40. Munijibu: Mama awe kiwanjani lini, saa ngapi?

(Watu wengi walijibu: "Tarehe 23!" Wengine: "Tarehe 22!" Musichana mumoja wa masomo ya sekondari akasimama akasema: "Tarehe 22, saa tano na dakika arobaini za usiku. Na ni saa ya Dar, siyo ya hapa.")

Munaona. Huyu njo atakuwa musomaji wa pili. Mutoto, kuja hapa, kamata biye, soma tena yote tangu juu: jina kwanza, herufi kwa herufi. Mama, leta pasipoti yako tulinganishe.